Mlima wa Usiku: Maskani ya mfalme ambayo adui hakuiteka

MSOMAJI, bila shaka umewahi kusoma ngano au kutazama filamu ambamo mfalme anaishi na watu wake juu ya mlima usiopandika kwa urahisi. Bondeni adui wamejaa kama siafu. Juu, vijana wamekaa tayari na mawe, akina mama wanapika, watoto wanalia, mifugo wamesongamana na wazee wanashauriana. Mlima huo ndio nyumba, ndio makao makuu ya serikali na ndio kimbilio la mwisho. Mara nyingi pia mlima wenyewe una miujiza yake, na jua likishatua adui hapaswi kuukaribia.

Ngome za namna hiyo kwa kawaida huwekwa katika nchi ambazo hazipo kwenye ramani yoyote. Lakini leo nakualika kwenye ngome iliyo kwenye ramani, tena ya bara letu la Afrika. Inaitwa Thaba Bosiu na iko katika ufalme wa Lesotho, kilomita 24 hivi mashariki ya mji mkuu wa Maseru. Hata J.R.R. Tolkien, mwandishi ambaye miji yake ya mlimani inajulikana dunia nzima, alizaliwa mwaka 1892 mjini Bloemfontein, ng'ambo ya mpaka wa Lesotho, ingawa alipelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka mitatu.

Maana ya Thaba Bosiu ni "mlima wa usiku". Nawe usiyejua Kisotho utausikia undugu wa lugha zetu, kwani bosiu na usiku ni neno moja lililochukua njia mbili. Wenyeji husimulia kwamba mchana mlima huo ni wa kawaida, lakini giza likiingia hukua na kurefuka, na adui anayejaribu kuupanda hujikuta akipanda bila kufika. Asubuhi hurudi ulivyokuwa.

Je, ni kweli? Endelea kusoma, kisha uamue mwenyewe ni kitu gani hasa kilichokuwa kikikua juu ya mlima huo.

Jinsi ulivyo

Ukiutazama kutoka bondeni, Thaba Bosiu hautakutisha. Si mlima wa theluji kama Kirinyaga, wala hauna kilele. Umefanana na meza kubwa ya mawe ya mchanga ambayo juu yake ni tambarare. Kileleni ni mita 1,804 kutoka usawa wa bahari, yaani karibu sawa na jiji la Nairobi. Kutoka bondeni hadi juu ni kiasi cha mita 100 na ushei tu.

Siri yake iko kwenye ukingo. Kuzunguka meza hiyo yote kuna ukuta wa jabali lililosimama wima, na mahali pa kupenya ni pachache. Njia hizo ni nyembamba na zenye mwinuko mkali, na kila moja ina jina lake. Iliyo maarufu zaidi ni Khubelu. Watu wachache wenye mawe ya kuporomosha wanaweza kuifunga njia kama hiyo dhidi ya jeshi zima.

Ukishafika juu ndipo utakapoelewa kwa nini mahali hapa palifaa kuwa makao. Kuna uwanda wa kilomita 2 hivi za mraba wenye nyasi za kulisha mifugo. Kuna chemchemi za maji. Ngome nyingi duniani hazikushindwa na mizinga bali na kiu. Wewe uliyetembelea Fort Jesus kule Mombasa utakumbuka kwamba ngome hiyo, pamoja na kuta zake nene ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593, ilitekwa mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa miaka miwili na zaidi, walinzi wake wakiwa wameangamizwa na njaa na maradhi. Thaba Bosiu haukujengwa na mtu, na haukutekwa hata mara moja.

Mkimbizi wa mwaka 1824

Aliyeuteua mlima huu kuwa makao alikuwa Moshoeshoe, jina ambalo hutamkwa Moshweshwe. Alizaliwa karibu mwaka 1786 kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Lesotho, akaitwa Lepoqo. Ujanani alisifika kwa kuteka ng'ombe wa watu. Baada ya kumpokonya chifu mmoja mifugo yake alijigamba kwamba amemnyoa ndevu, na jina la Moshoeshoe likatokana na mlio wa wembe unaponyoa.

Wakati huo nchi zile zilikuwa zimeingia katika balaa ambalo Wasotho huliita Lifaqane. Ilikuwa miaka ya 1820, miaka ya vita, njaa na watu kuhamahama. Jamii zilizofukuzwa kwao ziliziangukia jamii nyingine, nazo zikafukuzwa. Mashamba hayakulimwa. Wengine walifika kiasi cha kula nyama ya binadamu.

Moshoeshoe alikuwa wakati huo chifu mdogo tu katika mlima mwingine uitwao Butha-Buthe. Mwaka 1824 Watlokoa walimzingira huko mpaka watu wake wakakaribia kufa njaa. Aliponusurika aliona kwamba mlima ule haumfai. Akatuma watu watafute mwingine kusini, kisha katikati ya baridi kali ya Julai akawaongoza watu wake kwa miguu, zaidi ya kilomita 100, wazee, watoto na mifugo wakiwa pamoja. Waliukalia mlima mpya usiku. Ndiyo sababu nyingine inayotajwa ya jina la Thaba Bosiu.

Kwa hiyo mfalme wa ngano yetu hakuingia katika ngome yake akiwa juu ya farasi mweupe. Aliingia kama mkimbizi.

Kaburi la babu

Katika safari hiyo lilitokea jambo ambalo kila mtoto wa Lesotho hulisikia. Mzee Peete, babu yake Moshoeshoe, alibaki nyuma ya msafara. Walaji watu wakamkamata, wakamla.

Baadaye watu hao walikamatwa na kuletwa mbele ya Moshoeshoe. Hebu jiweke mahali pake. Wapiganaji wanangoja neno moja tu ili walipe kisasi, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Moshoeshoe alikataa. Alisema kwamba watu hawa ndio kaburi la babu yake, na mtu havunji kaburi la wazee wake. Akaamuru ng'ombe wachinjwe, na majani yaliyokuwa matumboni mwa ng'ombe hao yakapakwa kwenye miili ya walaji watu, kama ilivyokuwa desturi ya kutakasa kaburi. Kisha akawapa ng'ombe, akawaacha wakae na kulima.

Usidhani hiyo ilikuwa huruma ya mtu mnyonge. Moshoeshoe alikuwa amekaa na mzee Mohlomi, mganga na mwenye hekima aliyesifika kote katika nchi hizo, ambaye alimfundisha kwamba utawala hujengwa kwa amani na haki kuliko kwa dawa za uchawi. Tena aliielewa hesabu yake vizuri. Mtu huvila vichwa vya wenzake kwa sababu hana ng'ombe na hana shamba. Ukimuua, umepata maiti. Ukimpa ng'ombe, umepata raia, na njia inayopita kwake imekuwa salama.

Ng'ombe wa kukopeshwa

Habari zilienea kwamba kuna mlima ambako mkimbizi hapigwi. Watu wakaja. Walikuja mmoja mmoja, walikuja familia kwa familia, na mwishowe jamii nzima zikaja pamoja na machifu wao, kama Waphuthi wa Moorosi na Wataung wa Moletsane. Wengine walikuwa Wasotho wa koo mbalimbali, wengine walisema lugha nyingine kabisa.

Aliyefika mikono mitupu alikopeshwa ng'ombe. Utaratibu huo uliitwa mafisa. Maziwa yalikuwa ya mkopaji, naye aliweza kumtumia ng'ombe kwa kazi zake, lakini ng'ombe na ndama wake walibaki mali ya mfalme. Kwa njia hiyo familia ilipata chakula leo, na mfalme akapata watu wa kumtegemea kesho. Ni kweli kwamba sehemu ya ng'ombe hao ilitekwa kwa nguvu kutoka kwa wengine, hasa Wathembu wa upande wa kusini. Moshoeshoe hakuwa malaika. Lakini ng'ombe waliofika kwake hawakukaa zizini mwake peke yake.

Juu ya mlima kulikuwa na mji hasa. Kulikuwa na nyumba za mfalme na wake zake, maghala, mazizi na baraza la wanaume ambako kesi zilisikizwa. Jambo kubwa likitokea watu waliitwa kwenye mkutano mkuu uitwao pitso, na huko mtu wa kawaida aliweza kumsema chifu bila ya kuadhibiwa. Wasotho wana methali inayosema kwamba chifu ni chifu kwa sababu ya watu. Ukiisikia kwa lugha yao, morena ke morena ka batho, tena utautambua undugu, kwani batho ni watu.

Mawe, ng'ombe na barua

Usije ukafikiri kwamba ukarimu huo ulimfanya Moshoeshoe asahau kupigana. Adui walipokuja, alitumia silaha tatu.

Silaha ya kwanza ilikuwa mawe. Mwaka 1831 jeshi la Wandebele wa Mzilikazi, lililotisha nchi nzima, lilijaribu kupanda Thaba Bosiu. Mawe na mikuki viliwaporomokea kutoka juu mpaka wakarudi nyuma.

Silaha ya pili ilikuwa ng'ombe. Wandebele hao walipokuwa wakiondoka kwa aibu, Moshoeshoe aliwatumia ng'ombe wanono wa kula njiani, pamoja na ujumbe kwamba bila shaka ni njaa iliyowaleta. Hawakurudi kumshambulia tena. Vivyo hivyo alikuwa akimpelekea Shaka wa Wazulu zawadi za manyoya ya ndege ili asimchokoze.

Silaha ya tatu ilikuwa barua. Moshoeshoe alisikia kwamba kuna wageni wanaofundisha dini na maandishi, akatuma ng'ombe ili aletewe mmoja wao. Ng'ombe hao waliibwa njiani, lakini habari ilifika. Mwaka 1833 wakaja Wafaransa watatu: Eugène Casalis, Thomas Arbousset na Constant Gosselin. Casalis baadaye alikaa chini ya mlima na akawa mshauri wake katika mambo ya nje. Wakati huohuo Wasotho walijifunza kupanda farasi na kutumia bunduki, na mpaka leo ni wapanda farasi hodari.

Barua ilifanya kazi yake mwaka 1852. Gavana wa Uingereza, Sir George Cathcart, alifika na jeshi akidai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000. Alipoletewa ng'ombe 3,500 tu, akashambulia. Tarehe 20 Desemba mapigano yakapamba moto kwenye mlima Berea, jirani ya Thaba Bosiu, na Waingereza wakapata hasara wasiyoitarajia. Usiku huo Moshoeshoe, ambaye angeweza kujigamba, aliandikisha barua ya unyenyekevu. Alimwambia gavana kwamba ameonyesha nguvu zake, ameadhibu vya kutosha, basi na yaishe. Cathcart alipata njia ya kuondoka bila ya kuaibika, akaondoka. Wahenga wetu walisema mwenye nguvu mpishe. Moshoeshoe aliongeza fundisho jingine: hata ukimshinda, mpishe bado.

Agosti ya mwaka 1865

Jaribio kubwa kuliko yote lilitoka kwa Makaburu wa Orange Free State, ambao walikuwa wakiitaka ardhi yenye rutuba ya bonde la mto Caledon. Mwaka 1865 waliuzingira mlima. Juu kulikuwa na watu wengi na mifugo wengi kuliko nyasi na maji yaliyokuwapo, na mifugo wakawa wanakufa.

Tarehe 15 Agosti, Louw Wepener, kamanda shujaa wa Makaburu, aliongoza watu wake kupanda njia ya Khubelu. Walipanda jiwe kwa jiwe huku wakipigwa risasi. Wepener alikaribia kabisa kufika juu. Hapo akapigwa risasi akafa, na waliomfuata wakateremka mbio. Ukipanda leo kwa njia hiyohiyo, simama kidogo katikati uangalie juu na chini. Utaona mwenyewe jinsi palivyo pembamba mahali ambapo taifa zima liliponea.

Lakini ni lazima tuseme ukweli wote. Ngome haikutekwa, ila mashamba ya bondeni yalitekwa, na watu hawali majabali. Mwaka 1866 Moshoeshoe alikubali mkataba mchungu ili watu wake wapate kuvuna. Wasotho huuita Amani ya Mtama. Vita viliporudi aliomba ulinzi wa Uingereza, na inasimuliwa kwamba aliwafananisha watu wake na chawa katika blanketi la Malkia. Tarehe 12 Machi 1868 nchi yake ikatangazwa kuwa chini ya Waingereza. Ardhi kubwa ng'ambo ya mto Caledon haikurudi mpaka leo.

Moshoeshoe alifariki tarehe 11 Machi 1870, akazikwa juu ya mlima wake. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya nchi. Hakuwa amepoteza watu. Ndiyo maana Lesotho haikumezwa Afrika Kusini ilipoundwa mwaka 1910, na tarehe 4 Oktoba 1966 ikawa taifa huru.

Desturi ya kupokea wakimbizi nayo haikufa. Baada ya ghasia za Soweto za mwaka 1976, wanafunzi waliokimbia ubaguzi wa rangi walivuka mpaka wakaingia Lesotho. Safari hii wenyeji hawakuwa na jabali la kujificha nyuma yake. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1982 makomando wa Afrika Kusini walivamia Maseru wakaua watu 42, wakiwamo raia 12 wa Lesotho. Kumpokea mgeni kuna gharama, na Wasotho wameilipa.

Ukitaka kwenda

Safari ya kawaida kutoka Nairobi ni kwa ndege hadi Johannesburg, kisha ndege nyingine hadi Maseru, au kwa barabara mwendo wa kilomita 400 hivi. Kwa kuwa Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, hakikisha mapema masharti ya viza ya nchi zote mbili. Pesa za huko huitwa maloti, nazo ni sawa kwa thamani na randi, ambayo pia hupokewa. Kutoka Maseru hadi mlimani ni safari fupi ya gari.

Chini ya mlima kuna kijiji cha utamaduni ambako utaona nyumba za kienyeji na kupata mtu wa kukuongoza. Kupanda Khubelu hakuhitaji ubingwa. Viatu imara na nusu saa hivi vinatosha, hata kwa watoto wa shule. Juu utaona mabaki ya nyumba za mawe na makaburi ya ukoo wa kifalme. Kaburi la Moshoeshoe wa Kwanza liko hapo, na Mfalme Moshoeshoe wa Pili, aliyefariki katika ajali ya barabarani mwaka 1996, alizikwa papo hapo. Vua kofia na usifanye kelele, kwani kwa wenyeji hapa ni mahali patakatifu.

Ukiwa ukingoni, tazama ng'ambo ya bonde. Utaona kilima chenye ncha kiitwacho Qiloane. Husemwa kwamba umbo lake ndilo lililoigwa katika kofia ya ukili ya Wasotho, ile ambayo tangu mwaka 2006 iko katikati ya bendera yao.

Wakati mzuri wa kufahamu shida aliyopitia Moshoeshoe ni Juni hadi Agosti, lakini utatetemeka kwa baridi. Wenyeji wenyewe hujifunika mablanketi mazito mchana kutwa. Siku ya Moshoeshoe, tarehe 11 Machi, ni sikukuu ya taifa.

Sisi wa mijini tunajua habari za ngome. Tumeinua kuta, tukapachika vigae vya chupa juu yake, tukafuga mbwa wakali na kumweka mlinzi getini, na bado usiku hatulali vizuri. Ukifika Thaba Bosiu na watoto, waonyeshe jabali, na uwaambie pia habari za wale walaji watu na wale ng'ombe wa kukopeshwa. Mlima ule una urefu uleule usiku na mchana. Waliokuwa wakiongezeka kila kulipokucha ni watu waliokuwa tayari kuulinda.

Na unapokutana na mwenyeji njiani, usimpite kimya. Msalimie kwa neno moja tu, "Khotso", yaani amani. Ndiyo salamu yao ya kila siku.